Profesa Kunigunda Kapinga, Mwalimu wa Pande Mbili za Ziwa

Dada yetu, Profesa Kunigunda Kapinga, alizaliwa hapa Litembo tarehe 3 Machi 1952, mtoto wa kwanza wa Mzee Mansuetus na Mama Ephrasia, wakulima wa kahawa. Shule ya msingi alisoma hapahapa, sekondari Songea, na mwaka 1979 alihitimu udaktari Dar es Salaam.

Kazi aliianza wilayani Mbinga. Kila masika alitibu kuhara kwa watoto wa vijiji vilevile vya mwambao wa ziwa, na wengine walimfia mikononi. Siku moja alimwambia baba, "Nimechoka kusubiri watu waugue." Akarudi chuoni kusomea afya ya jamii, na kuanzia 1988 akawa mhadhiri.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Mwalimu Alphonce Komba wa Ngumbo. Siku ya kwanza kupelekwa ukweni alisalimia wazee, akakaa, kisha akauliza choo kiko wapi. Wakamwonyesha kichaka. Kabla ya mwezi kwisha shemeji yetu Alphonce alikuwa amechimba shimo, bibi harusi akisimamia, na mama mkwe ndiye aliyekitangaza choo chake kwa majirani.

Mwaka 2004, pamoja na wenzake wa Malawi na Uganda, alianzisha kozi ya mtandaoni iliyowakutanisha wahudumu wa afya wa nchi zote tatu. Mkuu mmoja chuoni alimwambia, "Mama, afya ya jamii haifundishwi kwenye kompyuta."

"Nesi wa Ngumbo akija kukaa Dar miaka miwili," alijibu, "nani atabaki na wagonjwa?"

Akasafiri mwenyewe hadi Mbinga mjini, akakubaliana na Bwana Ausi Abdulkarimu, mwenye duka la intaneti, awafungulie wanafunzi kila Jumamosi.

Masika yaliyofuata kipindupindu kilizuka mwambaoni. Mwanafunzi wake, Nesi Rosa Haule, aliwaandikia wenzake wa kozi kwamba wagonjwa wengi walitoka kambi za wavuvi. Wa upande wa Malawi wakajibu kuwa hata kwao ni hivyo, na lawama zikaanza: kila upande ulidai umeletewa ugonjwa. Profesa akaandika, "Maji tunayokunywa ni yaleyale. Nani anaanza kuyatibu kesho?" Walianza pamoja, huku na ng'ambo. Tulizika watu, lakini mvua zilipokatika ugonjwa nao ulikoma. Mwaka uliofuata chuo kiliipitisha kozi rasmi.

Agosti 2007 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Hata kitandani aliendelea kufundisha. "Mama Ida, lala kidogo," shemeji alimsihi. "Nisaidie kukaa kwanza," alisema. "Maswali yao sijayajibu." Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Februari 2009.

Ameacha mume, watoto wawili, Ida na Raimundi, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake, Placidi. Wanafunzi wake wametuomba tutangaze kwamba Jumamosi hii darasa lipo. Atafundisha Nesi Rosa.

Bwana ampokee dada yetu, ampe pumziko jema.