Evelio Garcés na Siku Moja Iliyopungua

Tunayemzika leo ni kaka yangu, Evelio Garcés Lafuente, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Almazán, kwa mzee Hilario na mama Petra. Alisoma hadi umri wa miaka kumi na minne, akaenda kushika spana.

Kuanzia 1974 hadi 2016 alitengeneza matrekta. Wengi wenu mlitukanwa naye kwa kuchelewa kubadilisha oili, na bado mlirudi.

Mwaka 1978 alimwoa Casilda Ayllón. Alifika kanisani na grisi kwenye kola. Casilda akaikwangua kwa kucha mbele ya padri, ndipo ndoa ikafungwa. Walijaliwa binti mmoja, Nieves. Casilda alitangulia mwaka 2015.

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, isiyo na tiba. Aliamua daktari amsaidie kufa nyumbani, angali anatutambua. Sheria yetu ya Hispania inaruhusu, lakini jamani, sheria hiyo! Barua mbili za maombi, zipishane siku kumi na tano. Daktari wa kwanza, daktari wa pili, kisha kamati. Barua ya kwanza aliitia saini Jumanne, tarehe 6 Februari. Ya pili nilimhimiza mimi aitie saini Jumanne, tarehe 20. Nani hapa hasemi wiki mbili ni siku kumi na tano? Tunahesabu ya kwanza na ya mwisho, tangu enzi za babu. Jalada likakaa ofisini kwa kamati siku tisa, likarudishwa.

“Ni kumi na nne, mama,” karani aliniambia kwenye simu.

“We binti, kwenu Jumanne hadi Jumanne ni ngapi?”

“Kwetu kumi na tano. Kisheria kumi na nne.”

“Muulize kama saratani nayo inasubiri mhuri!” Evelio alifoka kitandani.

Barua ya pili ikaandikwa upya tarehe 4 Machi. Siku kumi na tatu za maumivu zilipotea kwa haraka yangu, na sijajisamehe.

Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2024, saa tano asubuhi, akiwa na miaka 73. Daktari, mwanamke kijana, alimwuliza mara ya mwisho kama bado anataka, jinsi sheria inavyoagiza.

“Nataka, binti yangu. Fanya kazi yako.”

Na mimi, niliyegombana na makaratasi miezi miwili, nikamshika daktari mkono nikamwuliza kama hakuna fomu yoyote tuliyoisahau. Haikuwepo.

Ameacha binti yake Nieves, mkwe, wajukuu wawili, na mimi mdogo wake, Benita. Pumzika kwa amani, kaka. Hakuna tena atakayekuomba saini.