Mpigaji wa Endebess

Mzee Ngari alikuwa akisinzia kwenye basi la kutoka Kitale kwenda Bungoma, hadi kijana aliyeketi kando yake, Zahid, alipomletea simu usoni. "Mzee, hebu ona. Huyu ni mtu wetu wa Endebess bana, anaitwa Gathii. Anacheza besiboli Amerika, na ndiyo kazi yake. Akiugonga mpira na hilo gongo, unaenda kuanguka nje ya uwanja!"

Ngari aliipokea simu, akaitazama picha kwa muda mrefu. Gathii alikuwa ameota ndevu. Mara ya mwisho walipoonana, mwanawe alikuwa bado mwanafunzi, na yeye Ngari alilitia gongo la kijana motoni, akamwambia kama hataki shamba asirudi nyumbani. Naye hakurudi.

"Wameandika nini juu yake?" aliuliza.

"Ati alilelewa na shangazi. Baba yake alikufa zamani." Zahid alisikitika. "Huyo mzee angekuwa hai, si angefurahi sana?"

Ngari aliirudia ile picha. "Angefurahi," alisema.

"Kwani unawajua?"

"Kijana nilimjua akiwa shule."

Basi likasimama Bungoma na abiria wakaanza kuteremka. Zahid alinyoosha mkono. "Tumefika, mzee. Naomba simu."

Ngari hakuiachilia. "Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Nionyeshe kwanza akigonga. Sikuwahi kwenda kumtazama."