Kuvuta ni Kuvuta

Kwenye basi la kutoka kliniki, mama mjamzito alimwambia fundi viatu aliyeketi naye, "Wamepima damu yangu, wakakuta sumu ya moshi wa sigara. Nami sivuti, kaka."

"Na mumeo?" "Anavuta, ila dirishani." "Basi yeye anavuta sigara, wewe unavuta pumzi. Kuvuta ni kuvuta, dada." Mimi niliyeketi nyuma yao nikamwonea wivu fundi kwa msemo huo; neno "kuvuta" nalitumia kila siku, sijawahi kuliona hivyo.

"Na huyu tumboni? Hata pumzi hajaanza kuvuta." Fundi akasema, "Anavuta damu yako." Mama akashika tumbo. "Nikimwambia hivyo mume wangu, ataacha?" "Mke wangu aliniambia," fundi akajibu, akipapasa pakiti mfukoni, "nikahamia dirishani."

Basi likasimama. Mama akashuka bila kuaga.