Benedicta Kashindye na Maneno Yaliyokwenda Kwenye Kompyuta
(1936–1979)

Marehemu Benedicta Kashindye alizaliwa tarehe 4 Juni 1936 huko Kwimba, mtoto wa tatu wa mzee Nkuba Kashindye na mama Roza Ngolo. Mwaka 1947 baba yake aliswaga ng'ombe hadi Usangu, naye akafuata nyuma, akijua Kiswahili cha jikoni tu.

Mwaka 1949 aliingia shule ya misheni Iringa. Siku ya kwanza mtawa alimwambia, "Kaa." Akatoka mbio, akarudi na kaa la moto juu ya kigae. Darasa zima lilicheka, yeye ameduwaa. Tangu hapo akawa na daftari la maneno, na alipofika darasa la nane ndiye aliyesahihisha Kiswahili cha wenzake.

Mwaka 1957 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali Mbeya. Humo ndimo alimoingia Marcelino Kalinga, seremala wa Idodi, kuandikiwa barua ya kuomba mbao. Alirudi mara nne akidai ina makosa. Haikuwa nayo. Walifunga ndoa Idodi tarehe 22 Oktoba 1960.

Mwaka 1974 mtafiti wa lugha, Bwana Fanueli, alimwomba apige chapa orodha ya maneno ya Kiswahili, ipelekwe ng'ambo ikaingizwe kwenye kompyuta ya chuo kimoja. Alipiga maneno elfu kumi na tatu. Mei 1976 yalirudi kwenye karatasi ndefu ya kukunjwa, herufi kubwa tupu. Aliipitia kwa rula, mstari kwa mstari. "Kaa" aliliandika mara tatu: la kuketi, la moto, na yule wa baharini. Alikuta moja tu. Akidhani kosa ni lake, alipanda basi hadi Iringa, alikokuwa Fanueli.

"Hujakosea, mama," Fanueli alimwambia. "Mashine haitaki maana. Inataka kujua neno lipo au halipo. Mtu akiandika neno lisilokuwemo, inamwambia amekosea."

"Kwa hiyo inayo maneno yote, na haijui hata moja?"

"Ndivyo."

"Na nikiandika Kashindye, jina la baba yangu?"

Fanueli alikuna kichwa. "Itasema umekosea."

Alirudi Mbeya. Marcelino alipomuuliza, alijibu, "Nimeelewa nusu, na hiyo nusu yenyewe inanichanganya." Lakini baba yake kuitwa kosa hakukubali. Alianza orodha ya pili: majina ya watu, vijiji na mito, Usangu hadi Ilula, Chunya hadi Idodi. Aliituma ng'ambo Novemba 1977.

Aprili 1978 figo zilianza kumsumbua. Kila Marcelino alipofika wodini, mgonjwa alitangulia kuuliza, "Wamejibu?" Hawakuwa wamejibu. Alifariki Mbeya tarehe 9 Februari 1979, saa nne asubuhi.

Juzi, tarehe 11, Fanueli alifika msibani na barua. Majina yamekubaliwa, yamewekwa kwenye faili lao, na nakala imepelekwa kwenye mashine ya nchi nyingine.

"Faili lenyewe liko wapi?" Marcelino aliuliza. "Kabatini?"

"Hapana, mzee. Limo ndani ya mashine."

"Mkiifungua mashine mtalikuta?"

"Hamtaliona."

Marcelino akaomba nakala ya orodha iliyobaki nyumbani. Binti yake Verediana aliisoma yote kwa sauti. Nkuba alikuwemo, Roza, Kashindye, Marcelino na watoto wote. Benedicta hakuwemo. Alilisahau jina lake au aliliacha kwa makusudi, hatujui.

Jana Verediana alikaa kwenye mashine ya mama yake ya kupigia chapa, baba yake amesimama nyuma, akapiga chapa barua ya mstari mmoja: "Tafadhali ongezeni Benedicta." Fanueli ameichukua.

Marehemu ameacha mume, Marcelino, watoto watatu, Verediana, Philbert na Damari, wajukuu wawili, na mama yake mzazi, Roza, ambaye yuko nasi hapa kaburini.

Mwenyezi Mungu ampokee Benedicta, na ampe pumziko lenye amani.