Ukimya wa Osbert Tranmer

Mbele ya kibanda cha chai cha Mavis, mkabala na geti la studio ya filamu, kuna benchi lenye wenyewe. Kuna Nyundo, ambaye jina lake halisi ni Harold Pettifer, seremala aliyejenga majumba ya kifalme ya mbao miaka thelathini. Kuna Redio, dereva mstaafu wa waigizaji, asiyeishiwa habari. Na kuna Bi Kofia, aliyewavisha kofia maaskofu na mapolisi wote wa kwenye sinema. Jumanne moja ya mwaka 1958, Redio alifika akihema, gazeti mkononi, hata chai hakuagiza.

— Jamani, Tranmer amekufa!

— Tranmer yupi? akauliza Bi Kofia.

— Kwani wako wangapi? Osbert Tranmer! Yule polisi mzembe, yule kasisi wa kukalia keki, yule mtumishi wa kumwagia matajiri supu. Filamu tisini na nne, mama, na hakuna hata moja aliyokuwa staa!

Nyundo akaendelea kukoroga chai yake.

— Apumzike, alisema shingo upande. Ila alikuwa na maringo yule.

— Nyundo! Marehemu huyo!

— Basi, marehemu mwenye maringo.

— Ngojeni kwanza, sijamaliza, akasema Redio. Dada yake kaliambia gazeti kwamba jamaa alikuwa kiziwi. Kiziwi kabisa! Tangu bomu lilipomlipukia kwenye vita vile vya kwanza vya dunia. Alificha asije akanyimwa kazi.

Chai ikammwagikia Bi Kofia gauni zima, naye hata hakupangusa.

— Ah wapi! Mimi nimempima kichwa miaka kumi na miwili, tukipiga soga!

— Ulikuwa unasimama wapi? akauliza Redio.

— Mbele yake. Nisimame wapi tena?

— Basi alikuwa anakusoma midomo.

— Mungu wangu! Na ule ukimya wake je? Akiulizwa swali, anakukodolea macho kwanza, kimyaaa, ndipo anajibu. Ukumbi mzima unavunjika mbavu! Si waongozaji walikuwa wakiwafundisha vijana wanyamaze kama Tranmer?

— Kumbe mwenzao anasubiri mtu afunge mdomo! Lakini midomo tu haitoshi, bibi. Lazima kulikuwa na mtu chini ya meza, anamvuta suruali kwa kamba zamu yake ikifika.

— Na kwenye ile filamu ya farasi? Kamba ilipita wapi?

— Pale farasi ndiye alikuwa akimkanyaga.

— Toka hapa! Mimi nasema alikuwa anasikia vizuri tu. Uziwi aliuzusha ili asiyasikie matusi ya waongozaji.

Walibishana hivyo, sauti zikipanda, mpaka Bi Kofia akamgeukia jirani yake.

— Nyundo, mbona umepauka hivyo?

— Nilikuwa nyuma yake, alisema Nyundo.

— Nyuma ya nani?

— Wiki niliyomzika Edith wangu. Nilimwona anatoka getini, nikamwita. Nikamwambia, “Osbert, mke wangu ameniacha peke yangu.” Akafungua mwavuli wake, akaenda zake. Hakugeuka.

Hakuna aliyecheka. Miaka tisa Nyundo alikuwa hajamweleza mtu jambo hilo. Miaka tisa Tranmer alipita hapo kila asubuhi akimvulia kofia, na kila asubuhi Nyundo aligeuza uso ukutani, akiona amemkomoa. Sasa akakiweka kikombe chini.

Wakati huo mama mmoja wa makamo, amevaa koti jeusi, alitoka getini na sanduku la vitu vya marehemu, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwenye benchi.

— Samahanini. Naitwa Prudence, dada yake Osbert. Namtafuta fundi Harold.

Nyundo akasimama, kofia kifuani.

— Ni mimi, mama.

— Kaka alikuwa akikutaja sana. Alisema zamani mlikuwa mkisalimiana, halafu ghafla ukaacha. Aliogopa kukuuliza, asije akashindwa kukuelewa mbele za watu na siri yake ikatoka. Nikamwahidi nitakuuliza mimi. Alikukosea nini?

Nyundo akaketi tena polepole. Redio alikuwa akitazama viatu vyake. Mavis alitoka na birika kuwaongezea chai, akaziona nyuso zao, akarudi nalo ndani.