Mkimchagua Baba, Mmechagua na Kuku Wake

Faza ina afisi ya serikali, ina skuli, ina askari wawili, lakini mambo ya nchi huamuliwa kwenye benchi la Mselem, muuza kahawa. Asubuhi hiyo benchi lilikuwa na kazi nzito. Gazeti la juma lililopita lilikuwa limefika kutoka Lamu likiwa limefungiwa sukari, na ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya msichana akitoka dansini Nairobi, viatu mkononi, anacheka. Maelezo yalisema ni binti wa waziri mdogo wa barabara. Badawi, aliyekwisha kuitwa Mheshimiwa na wenzake ingawa kura za udiwani zilikuwa bado, alilishika gazeti kwa mikono miwili kwa furaha. Mpinzani wake, Mohdhar, alikuwa na kijana Mombasa asiyeachana na chupa, na Badawi alikuwa ametafuta sana njia ya kulisema hilo bila kuonekana msengenyaji.

— Mtazameni, — alisema Jeilani, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. — Babake ana barabara za nti nzima, mwana hana kiatu!

— Viatu anavyo, viko mkononi, — alisema Patroba, karani wa afisi, mtu wa bara, ambaye hapo kijiweni huitwa Serikali.

— Ndipo hapo! Anaipima lami. Wallahi, waziri mwenye akili hatumi injinia, atuma nyayo za mwanawe.

— Lakini huyu ni mtoto wa shule, Bwana Redio. Amecheza, anarudi nyumbani. Kosa liko wapi?

Badawi akakohoa kikohozi chake cha mkutano wa hadhara.

— Kosa si kucheza, Bwana Serikali. Mwana wa mwanasiasa ni wa umma. Mkimchagua baba, mmechagua nyumba nzima, na kuku wake. Raia ana haki ya kujua kuku wale walala wapi.

— Na paka? — aliuliza Jeilani.

— Paka ndiye wa kwanza.

Patroba alicheka, na akishacheka huwa amekwisha kuhama upande.

— Basi watoto wao wavishwe namba mgongoni kama wachezaji wa mpira. Raia akimwona mtoto anakula mahindi barabarani, asome namba, ajue ni wa wizara gani.

— Na picha zao zibandikwe gatini, penye bei za samaki, — aliongeza Badawi.

— Nyinyi hamjaona kitu, — alisema Jeilani, akishusha sauti ambayo bado ilisikika mpaka sokoni. — Yule hata si binti wake. Ni wa kukodi! Kawekwa pale mato yetu yatazame miguu yake, huku nyuma waziri auze barabara.

— Amuuzie nani barabara? — aliuliza Patroba.

— Wazungu. Uhuru waja, si wanaondoka? Watazikunja kama mikeka waende nazo. Mwaona hapa Faza kuna barabara? Ishauzwa!

Mselem alicheka hadi akamwaga kahawa. Badawi akaona ndio wakati wake.

— Mimi sisemi mtu. Lakini mwenye kijana Mombasa asituambie hayo ni mambo ya nyumbani. Hakuna cha nyumbani kwa anayeomba kura!

Pembeni mwa benchi alikaa mgeni aliyeshuka na mashua ya asubuhi. Alisema anaitwa Nicodemus, wakamdhania bwana afya. Sasa alitoa karatasi na penseli.

— Maneno mazuri, Bwana Badawi. Nimeyapata yote. Mimi natoka gazetini, tunaandika juu ya wagombea wa visiwani. Gatini wameniambia una binti aliyerudi kwako, ndoa ikiwa bado changa. Anaitwa nani?

Jina hilo walilijua wote. Mselem alimpakata akiwa mchanga, na Jeilani alikula pilau ya harusi yake mpaka akalegeza kikoi. Lakini jina la binti wa watu halitajwi barazani, na hata hapa halitatajwa. Alikuwa amerudi na sanduku lake, na tangu siku hiyo mamake humlisha kwa kumbembeleza. Badawi aliogopa, tena aliogopa kweli. Alimtazama Redio, ambaye hajawahi kuzimika. Redio alikuwa akikagua kucha zake.

— Ni jina tu, — alisema Nicodemus.

— Niandike mimi, bwana, — alisema Badawi. — Mimi ndiye niombaye kura. Andika nina meno mabovu. Andika nakoroma, hata mke wa kwanza alinikimbia. Yule mwana hakuomba kitu kwa mtu. Na lile neno la kuku, lifute.

Nicodemus aligeuza penseli upande wa ufutio. Hakuwa mtu mbaya.

— Nitafuta. Ila niambie: nifute kwa watoto wote, au kwa wako tu?

Wote ni pamoja na yule wa dansini. Wote ni pamoja na kijana wa Mohdhar, na bila kijana huyo Badawi alijua kiti hakipati. Neno lililomfika ulimini kwanza lilikuwa “wangu,” akaliona aibu, akalimeza. Patroba alitazama ukuta. Mselem akatikisa dele, birika lake, akatangaza kahawa imekwisha, ingawa kila mmoja alisikia dele limejaa.