Msiwape Mabakuli ya Wageni

Sogeeni, wanangu, nisikilizeni, na wewe Mihoko acha kunipangia mito kama unapanga maboga sokoni, keti. Daktari amenikataza kusema sana, lakini hanijui. Mimi Fusae nimelea watoto waliotoroka shule, wakatoroka kwao, wakatoroka hata mikononi mwa polisi, na wote niliwatuliza kwa mdomo huu huu, sasa leo mapafu ndiyo yaninyamazishe? Genta, mkwe wangu, ondoa hilo birika jikoni, linapiga kelele kunishinda.

Mali kwanza, maana ni kidogo. Nyumba hii ni ya mkoa. Marehemu mume wangu Eikichi na mimi tulikaa humu kwa kuwa utaratibu wa kituo chetu cha kurekebisha watoto unataka kila nyumba iwe na mume na mke wanaoishi na watoto hao, wanaokula nao na kuambukizwa nao mafua. Cherehani ni ya Mihoko. Koti la Eikichi ni la Genta, ingawa lilimfanya marehemu afanane na dubu aliyefiwa. Na jirani yetu Onodera, yule aliyepita nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi ili tufukuzwe, msimfungie mlango siku ya msiba. Tangu watoto wetu walipofukua gari lake kwenye theluji, amekuwa akituletea figili za chumvi, chumvi tupu, nami nimezila bila kukunja uso. Kinyongo changu naye nimekimeza pamoja nazo.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa tatu ukiisha bila kupatikana mume na mke wa kuishika nyumba hii, itafungwa, na Nanase na wenzake tunaowalea sasa watapelekwa bweni kubwa la mjini, ambako walezi hupokezana zamu na mzazi huonana na mwanawe chumba cha wageni, saa ya ukutani ikiwakodolea macho. Mkurugenzi wa kituo alitaka niwapendekeze nyinyi wawili. Sijafanya hivyo. Nawauliza kwanza.

Genta, jana ulisema jikoni, ukidhani nimesinzia: “Mimi niliyechoma kibanda cha baiskeli cha shule, nani atanikabidhi watoto wa watu?” Ngoja nikwambie. Ulipokuwa mmoja wa watoto wa nyumba hii, baba yako alipokuwa akija kukuona na lori lake, tulimtolea ndala za wageni, mto wa kukalia wa wageni, na yale mabakuli ya maua ya buluu ambayo sisi wenyewe hatukuthubutu kuyatumia. Eikichi akiinama, baba yako akiinama, hadi nikahofia watagongana vichwa. Ndivyo tulivyo watu wa huku, tukiogopa kumwudhi mtu tunamfukia kwa adabu. Baba yako akaketi kwa magoti, kwa heshima, mpaka miguu ikafa ganzi, akaaga kabla ya wali. Mara moja, mara ya pili, hivyo hivyo, nasi tukasema, maskini, huyu hampendi mwanawe. Ni wewe, na hiyo midomo yako iliyopasuka kwa baridi, uliyempokonya bakuli ukafoka: “Kila mtu humu ana bakuli lake! Baba yangu kwani ni mkaguzi?”

Eikichi aliinuka pale pale. Alivaa koti, akatoka na baba yako kwenda dukani, wakarudi na bakuli jeusi, baya sijapata kuona, na baba yako mwenyewe ndiye aliyelichagua. Siku hiyo alikula, akaosha vyombo, akakugombeza kwa namna ulivyoshika kitambaa, ukamjibu ovyo, nami nikajificha nyuma ya jokofu nikilia kwa furaha, kwa sababu hatimaye mlikuwa mnagombana kama watu wa nyumba moja. Tangu hapo wazazi wanalala hapa Jumamosi, wanapika, wanakaa na daktari wa akili bega kwa bega na watoto wao. Ukimtengeneza mtoto peke yake ukamrudisha kwenye nyumba iliyovunjika, treni ya kesho yake itakurudishia. Hilo hatukulisoma popote, Genta. Ulitufundisha wewe, mchoma vibanda.

Mfikirieni Nanase. Aliokotwa stesheni na vidonge mfukoni, akaja hapa hasemi. Mama yake, Chizuru wa kiwanda cha samaki, alikuwa akikaa ukingoni mwa mlango akimwomba radhi hata paka. Jumamosi iliyopita niliwasikia jikoni: “Mama, hizo figili au kuni?” “Haya, kata wewe, mpishi wa ikulu!” Wakacheka hadi kisu kikawekwa chini. Daktari anasema theluji ikiisha kuyeyuka huenda akarudi kwao, mradi njia kati yao isikatwe sasa.

Mihoko, hasira yako naijua, na ni haki yako. Ulipokuwa mdogo uliniuliza, “Mama, nikiiba nini ndiyo utakaa na mimi?” Kwa hiyo sikuachii amri. Ukikataa, nitakufa nikiwa mama yako vilevile, na mtu yeyote asikunyooshee kidole.

Nini? Sema kwa sauti, masikio nayo yameanza kuaga.

Komeo? Unakubali, ila unataka komeo kwenye chumba cha wajukuu wangu, na kila Jumatano uwe mama yao tu hata paa likianguka? Genta, umemsikia mkeo? Weka, mwanangu. Weka makomeo mawili. Mihoko, baba yako na mimi hatukuwa na akili hiyo.

Na wewe Genta umeitikia kwa kichwa, nimekuona. Basi mpigieni mkurugenzi, mwambieni mume na mke wamepatikana. Ila msibani asipewe kipaza sauti, tafadhali. Kifo sikiogopi, naogopa hotuba yake. Nikishaondoka, Nanase asiambiwe akiwa peke yake. Mngojeeni mama yake, aambiwe amemshika mkono.

Leteni vichwa vyenu hapa, mkono wangu haufiki mbali. Mbarikiwe. Watoto watakaokuja wawachoshe… wawachoshe sana, kisha waondoke na watu wao, wasigeuke nyuma. Na wenu… wenu wasiulize lile swali. Mlale mkipata usingizi… mcheke…

Nani huyo nje? Nasikia viatu kwenye theluji… Leo Jumamosi, siyo? Ni Chizuru. Mwambieni asipige hodi… aingie tu.